Uchumi wa kibayolojia wa taifa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia karibu kila panapozungumzwa uchumi wa kibayolojia, yakiulizwa na wakulima, wanafunzi, maofisa mipango na wenye viwanda. Yameanza na ya msingi. Yenye utata yako mwishoni. Jibu moja likigusa jingine, nimetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Uchumi wa kibayolojia ni kitu gani hasa?

Ni ile sehemu ya uchumi inayotegemea vitu vyenye uhai au vilivyotokana na uhai: mimea, mifugo, samaki, misitu, vijidudu, pamoja na maarifa ya namna viumbe hao wanavyofanya kazi. Anayelima pamba yumo. Kiwanda kinachoisokota kimo. Maabara inayokuza bakteria wa kutengeneza insulini nayo imo, hata kama haijawahi kuona shamba. Kinachobaki nje ni vinavyochimbwa: mafuta ya petroli, makaa ya mawe, gesi asilia na madini.

Mjanja mmoja hakosekani kuuliza: makaa ya mawe si yalikuwa miti? Yalikuwa. Tofauti ni muda. Mti uliokatwa leo mwingine waweza kuota mahali pake aliyeukata akiwa bado hai. Makaa yalichukua mamilioni ya miaka.

2. Si kilimo kilekile kimebandikwa jina jipya?

Kwa kiasi fulani ndiyo, na anayekataa kabisa anauza kitu. Katika nchi nyingi sehemu kubwa ya uchumi huu bado ni chakula, mbao na nyuzi, kazi ambazo zilikuwepo kabla ya jina.

Jina lenyewe limegeuka maana njiani. Miaka ya 1970 Nicholas Georgescu-Roegen, mchumi mzaliwa wa Romania, alilitumia kueleza uchumi unaokubali kwamba maumbile yana mipaka. Leo serikali zinalitumia kuzungumzia ukuaji. Mivutano mingi utakayoikuta hapa chini, hasa swali la 18, imetokana na maana hizo mbili kukaa chini ya paa moja.

Hata upande wa viwanda si mpya kihivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Chaim Weizmann alitumia bakteria kugeuza wanga kuwa asetoni ya kutengenezea baruti, na viwanda vikajengwa. Baadaye asetoni ya petroli ilikuja kwa bei ya chini, na vingi vya viwanda hivyo vikafungwa. Kwa hiyo tuliwahi kuwa na uchumi wa kibayolojia wa kemikali, tukauacha kwa sababu ya bei. Kinachoutofautisha wa sasa ni uwezo wa kusoma na kuhariri jeni, na wasiwasi wa tabianchi ambao enzi zile haukuwepo.

3. Bayoteknolojia na uchumi wa kibayolojia ni kitu kimoja?

Hapana. Bayoteknolojia ni chombo; uchumi wa kibayolojia ni kazi yote, pamoja na wale wasiotumia chombo hicho. Kiwanda cha mbao hakihitaji kuhariri jeni.

4. Nchi gani zina mkakati wa taifa?

Ni nyingi, na kila moja imelivuta neno upande wake. Ujerumani ilianza na mkakati wa utafiti mwaka 2010, kisha ikatoa mkakati mpana wa taifa mwaka 2020. Marekani ilitoa mpango wake mwaka 2012, ukiegemea zaidi bayoteknolojia na afya. Umoja wa Ulaya ulitoa wake mwaka huohuo, ukaurekebisha 2018. Afrika Kusini ni 2013, Ufini 2014 (misitu mbele), Costa Rica 2020 (bayoanuwai mbele). Uchina ilitoa mpango wake mwaka 2022, na Uhindi sera yake mwaka 2024. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mkakati wa kikanda wa miaka kumi unaoishia 2031/32. Mwaka 2024, chini ya uenyekiti wa Brazil, kundi la G20, la nchi zenye uchumi mkubwa duniani, lilikubaliana kanuni kumi za jumla.

Kuwa na waraka, hata hivyo, si kuwa na uchumi. Brazil ilianzisha mpango wake wa ethanoli ya miwa, Proálcool, mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta kupaa mwaka 1973. Wakati huo hakuna wizara popote iliyokuwa na waraka wenye jina hili.

## Kuipima hali ilivyo

5. Ukubwa wake unapimwaje, wakati haumo kwenye takwimu za pato la taifa?

Kweli haumo. Takwimu za taifa zina mstari wa kilimo, wa misitu, wa uvuvi na wa viwanda, lakini hazina mstari wa kibayolojia. Sekta za mwanzo huingizwa zima. Kazi huanzia viwandani: nguo ni pamba au ni polista? Rangi ya ukuta ina mafuta ya mimea kiasi gani? Sabuni je? Mtakwimu hulazimika kuipa kila bidhaa asilimia ya kilicho cha kibayolojia ndani yake, kisha azidishe. Asilimia hizo nyingi ni makadirio ya wataalamu, si vipimo.

Ndiyo maana hesabu hubadilika bila uchumi wenyewe kubadilika. Mkakati wa Umoja wa Ulaya wa 2012 ulitaja wafanyakazi zaidi ya milioni 22. Ule wa 2018 ulitaja takribani milioni 18. Haina maana kwamba watu milioni nne walifukuzwa kazi. Njia ya kuhesabu na mipaka ya kinachohesabiwa vilibadilika.

Ukikutana na tamko kwamba uchumi wa kibayolojia ni asilimia fulani ya pato la taifa, uliza kwanza kama chakula kimehesabiwa. Kikiwemo, idadi huwa kubwa na haikuambii lolote jipya. Kikitolewa, huwa ndogo, lakini ndiyo inayoonyesha kama kuna kinachosogea.

6. Mbali na pato, niangalie nini ili nijue hali halisi?

Mimi huangalia vitu vitatu. Kwanza, kinachotoka nchini kikiwa ghafi na kinachorudi kimesindikwa: nchi inayouza magogo ikanunua karatasi imeshajibu swali. Pili, viwanda vilivyopo vinafanya kazi miezi mingapi kwa mwaka. Kiwanda kinachosimama miezi saba kwa kukosa malighafi hakihitaji mwenzake. Kinahitaji ghala na zao la pili. Tatu, vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali), mbegu za vijidudu na vipuri vya matangi vinatoka wapi, na vinakaa siku ngapi forodhani. Hicho cha tatu hakimo kwenye mikakati mingi, na ndicho kinachowatesa mafundi.

## Malighafi

7. Nchi ina mabaki ya mazao kwa mamilioni ya tani. Huo si utajiri unaooza?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo linalokatisha tamaa kuliko yote. Mamilioni hayo ya tani yapo kwenye karatasi. Swali ni ngapi zinafika kwenye lango la kiwanda, na zikifika zina maji kiasi gani.

Chukua lori la tani kumi za mabaki mabichi ya matunda, yenye maji asilimia 80. Ndani yake kuna tani mbili za kitu kikavu na tani nane za maji. Mmea mkavu ukichomwa hutoa takribani megajuli 18 kwa kilo, kwa hiyo lori zima lina megajuli 36,000. Lakini ili lichomeke lazima maji yatoke, na kuvukiza kilo moja ya maji kunataka takribani megajuli 2.6. Zidisha kwa kilo 8,000: karibu megajuli 21,000. Zaidi ya nusu ya nishati imetumika kukausha nishati yenyewe, kabla hujaweka upotevu wa tanuri wala dizeli ya lori. Na dereva amelipwa kusafirisha maji.

Kwa mabaki ya namna hiyo dawa ni kutoyakausha. Yaingie kwenye mtambo wa bayogesi, ambako bakteria wanayataka yakiwa na maji, au yaliwe na funza (swali la 13). Kukausha ni kwa vitu ambavyo tayari ni vikavu: maganda ya mpunga, unga wa mbao, vifuu.

Malighafi nzuri ina sifa moja inayozidi wingi: imeshakusanywa na kazi nyingine. Maganda ya mpunga ni takribani asilimia 20 ya uzito wa mpunga, na yote hubaki mahali pamoja, kinuni. Makapi ya miwa vilevile. Tani moja ya miwa hutoa takribani kilo 100 za sukari, kilo 280 hivi za makapi ambayo nusu yake ni maji, na kilo 40 hivi za molasi. Yote hayo yako ndani ya ua mmoja, nauli ya kuyafikisha imeshalipwa na sukari. Mabua yaliyotapakaa kwenye mashamba madogo elfu kumi ni jambo jingine kabisa.

Halafu kuna hili: kinachoitwa taka mara nyingi kina mwenyewe. Mabua ni malisho, ni matandazo, ni kuni za mtu. Siku kiwanda kinapoanza kuyanunua, huenda mfugaji akaanza kukosa. Mipango mingi huandika bei ya mabaki kuwa sufuri, na bei hiyo hudumu hadi siku mwenye shamba anapomwona mnunuzi wa kwanza.

8. Ni mabaki kiasi gani yanaweza kuondolewa shambani bila kuua udongo?

Hakuna asilimia moja ya kufaa kila mahali, na anayekupa moja usimwamini. Mteremko, mvua, aina ya udongo na zao huamua. Mabaki yanayoachwa huzuia mmomonyoko, hutunza unyevu na kurudisha potasiamu na kaboni ardhini. Yakiondolewa yote, mkulima atayalipia kwa mbolea ya dukani. Sehemu ya uhakika zaidi ni mabaki yanayozalishwa kiwandani, na hata hayo mabaki ya mtambo wa bayogesi yarudi shambani kama mbolea, kwa kuwa naitrojeni, fosforasi na potasiamu hazipotei ndani ya tangi. Kinachotoka kama gesi ni kaboni.

9. Watu husema "ngazi ya thamani". Maana yake nini?

Kwamba malighafi moja itumike kwanza pale inapolipa zaidi, na mabaki ya kila hatua yawe malighafi ya hatua ifuatayo: dawa na vipodozi juu, chakula na malisho, nyuzi na vifaa, kemikali, kisha mafuta na joto chini kabisa. Wingi huongezeka kadiri unavyoshuka, bei huongezeka kadiri unavyopanda.

Mfano ninaoupenda ni wa Denmark. Tangu mwaka 1923 insulini ilitengenezwa huko kutoka kongosho za wanyama wa machinjioni. Kongosho hutoa insulini, lakini pia ina tripsini, kimeng'enya kinachoyeyusha protini. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 tripsini hiyo ilianza kuuzwa kwa watengeneza ngozi, wakaitumia kulainisha ngozi. Kutoka hapo nchi hiyo ndogo ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa vimeng'enya duniani. Haikuanza na msitu wala bonde kubwa. Ilianza na ndoo ya kongosho na mtu aliyejua kilichobaki ndani yake.

Penisilini, dawa inayotolewa na kuvu, ina kisa cha jinsi hiyo. Mwaka 1941 Waingereza walioipeleka Marekani walikuwa wakipata matone tu. Katika maabara ya kilimo ya Peoria, Illinois, kuvu huyo alilishwa maji yaliyobaki baada ya kuloweka mahindi ya kutengenezea wanga, kitu ambacho viwanda havikukithamini, na mavuno yakapanda mara nyingi. Mwaka 1943 aina bora zaidi ya kuvu ikapatikana kwenye tikiti lililoota ukungu sokoni hapohapo mjini.

Ngazi ina kasoro yake: soko la juu ni dogo. Huwezi kugeuza msitu mzima kuwa vipodozi.

10. Kwa nini tusichome tu tupate umeme?

Kwa sababu mmea ni mkusanyaji dhaifu wa jua. Mazao mengi shambani hugeuza takribani asilimia 1 ya nishati ya jua kuwa kitu kinachovunwa, au pungufu. Paneli ya kawaida ya sola hufikia asilimia 20. Kulima kwa ajili ya kuchoma tu, pale ambapo jua lipo, ni matumizi mabaya ya ardhi. Mmea una kitu ambacho paneli haina, yaani kaboni iliyokwisha kupangwa katika nyuzi, sukari, mafuta na dawa, na hicho ndicho cha kuuza.

Yanayofaa kuchomwa ni mabaki yaliyokwisha kukusanywa. Nchini Mauritius makapi ya miwa kwa miaka mingi yalitoa zaidi ya asilimia 10 ya umeme wa taifa, na hayo yangechomwa kwa vyovyote kuchemsha juisi.

11. Mafuta ya mimea ya kuendeshea magari na mitambo yatashindana na chakula?

Yanaweza, na si lazima yapandwe kwenye shamba la chakula ili yashindane: maji, mbolea na vibarua ni vilevile. Bei za chakula zilipopanda duniani mwaka 2007 na 2008, mafuta ya mimea yalitajwa kuwa sababu mojawapo. Kiasi cha lawama kinabishaniwa hadi leo.

Kisa cha kujifunzia ni mmea wa mbono kaburi (jatrofa). Miaka ya 2000 ulisifiwa kwamba unastawi kwenye ardhi kame isiyofaa kitu, hauliwi na mifugo, na mbegu zake zimejaa mafuta. Kila sifa ilikuwa na ukweli. Kwamba unaishi kwenye ardhi kame ni kweli. Kwamba unazaa vizuri huko si kweli. Kuishi si kuzaa. Mbegu zilikuwa za mwituni, hazijaboreshwa, matunda hayaivi pamoja kwa hiyo huchumwa kwa mkono mara nyingi, na mashudu yake yana sumu, hayauziki kama malisho. Miradi mingi katika Afrika na Asia ilikufa ndani ya miaka michache. Mtu akikuletea zao la miujiza, muulize mavuno ya ekari katika mwaka wa tano, si picha ya mche.

## Viwanda na bidhaa

12. Plastiki ya mimea inaoza?

Wakati mwingine. Watu huchanganya maswali mawili: imetokana na nini, na itaishia wapi. Tangu 2010 Brazil hutengeneza polithini kwa ethanoli ya miwa. Ni ya mimea kweli, lakini molekuli zake ni zilezile za polithini ya petroli, hivyo haiozi. Upande wa pili kuna plastiki za petroli zinazooza.

Ile ya asidi laktiki, inayotengenezwa kwa wanga au sukari, huoza kwenye mtambo wa mboji wa viwandani wenye joto la karibu nyuzi 58. Mtaroni au baharini hubaki miaka. Neno "inaoza" kwenye mfuko halina maana bila kutajwa wapi na kwa muda gani. Kipimo cha Ulaya cha EN 13432, kwa mfano, kinadai angalau asilimia 90 igeuke ndani ya miezi sita, katika hali ya mtambo wa mboji. Nchi isiyo na mitambo hiyo inaponunua vikombe hivyo inanunua takataka yenye jina zuri.

13. Mwenye mtaji mdogo anaweza kuingia wapi?

Bayogesi na funza wa nzi askari mweusi ni milango miwili iliyo wazi. Funza hawa hula mabaki ya jikoni na sokoni kwa wiki mbili hivi, na wakikaushwa takribani asilimia 40 ya uzito wao ni protini, malisho ya kuku na samaki. Kinachokwamisha ni mabaki ya kila siku yasiyo na plastiki na sumu ndani yake, kwa hiyo mkataba na soko ni muhimu kuliko mayai ya nzi.

Mtambo mdogo wa bayogesi nao hufa kwa sababu za kawaida mno: ufa kwenye kuba, mtu aliyeacha kulisha, dawa ya kuua vijidudu iliyomwagwa bandani ikaishia tangini. Nimewahi kusimama kando ya mmoja ulioacha kutoa gesi. Kila mtu alikuwa anakagua bomba, kumbe ulikuwa umeshibishwa mabaki ya wanga siku tatu mfululizo na ndani mmegeuka siki. Bakteria wa methani hutaka hali isiyo na uchachu. Kuacha kulisha kwa siku kadhaa na kuongeza samadi kuliurudisha.

14. Kwa nini uvumbuzi wa maabara haufiki kiwandani?

Kwa sababu tangi si chupa kubwa. Ukiongeza kila upande wa chombo mara mbili, ujazo huongezeka mara nane na eneo la ngozi yake mara nne tu. Vijidudu wanatoa joto kwa ujazo, joto linatoka kwa ngozi. Kilichopoa chenyewe kwenye chupa ya mililita 250 hujipika kwenye tangi la lita 10,000. Oksijeni nayo haifiki katikati. Juu ya hayo bakteria mgeni mmoja akipenya kwenye vali isiyosafishwa, kundi zima linamwagwa.

Kati ya chupa na kiwanda panahitajika mtambo wa majaribio wa lita mamia hadi maelfu, na huo ni ghali kwa kampuni moja changa. Mji wa Ghent, Ubelgiji, una mtambo wa pamoja ambao kampuni hukodi kwa wiki au miezi. Kwa maoni yangu serikali yenye fedha za kitu kimoja tu ijenge hicho, pamoja na mafundi wake, kabla ya kuongeza chuo.

## Haki na sheria

15. Kiumbe wa kwetu akizaa bidhaa ya mabilioni, nani analipwa?

Zamani, aliyekichukua. Mwaka 1966 Thomas Brock na mwanafunzi wake walipata bakteria kwenye chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani. Kimeng'enya chake kinachostahimili joto ndicho kilichokuja kuwezesha vipimo vya PCR vilivyotumika kila kona wakati wa korona. Mauzo yake yalikuwa makubwa mno. Hifadhi haikupata kitu. Na hiyo ilikuwa ndani ya nchi moja tajiri yenye wanasheria.

Itifaki ya Nagoya ya 2010, makubaliano ya kimataifa yaliyoanza kutumika 2014, inataka ruhusa kabla ya kuchukua na mgawanyo wa manufaa baadaye. Kabla yake Wasan wa kusini mwa Afrika walikuwa wameshapata mkataba mwaka 2003 kuhusu hoodia, mmea waliokuwa wakiutafuna kuzuia njaa, baada ya taasisi ya utafiti kuuwekea hataza bila wao kujua. Dawa iliyotarajiwa haikufika sokoni, hivyo fedha ziligeuka kidogo. Mwaka 2019 ukaja mkataba wa rooibos, mmea wa chai wa Afrika Kusini, ambao soko lake lipo tayari, na huo ndio wenye uzito.

Nchi nyingine zimeiweka sheria hii ngumu kiasi kwamba hata watafiti wao wenyewe wanakwama. Kibali kinachochukua miaka miwili hakimzuii mwizi, kinamzuia mwanafunzi.

16. Na kama hawakuchukua mmea, bali wamesoma jeni zake kwenye kompyuta?

Itifaki iliandikwa kwa ajili ya vitu vinavyoshikika. Leo mtu hupakua mfuatano wa jeni kutoka hazina ya data iliyo wazi, akaagiza jeni itengenezwe, na hakugusa jani. Mkutano wa bayoanuwai wa Cali, Kolombia, mwaka 2024 ulikubaliana mfuko utakaochangiwa na kampuni zinazonufaika na data hizo. Ulizinduliwa Februari 2025. Uchangiaji ni wa hiari isipokuwa nchi itunge sheria yake, kwa hiyo usiuweke kwenye bajeti.

## Yenye utata

17. Itakuwaje hamira ikizalisha kile anachokilima mkulima wetu?

Imeshatokea kwa kemia: bluu ya nili ya maabara ilipoingia sokoni mwaka 1897, mashamba ya nili ya Uhindi yaliporomoka ndani ya miaka michache.

Kwa hamira kisa hakikwenda moja kwa moja. Artemisinini, dawa ya malaria aliyoigundua Tu Youyou katika miaka ya 1970 na kupewa Nobel mwaka 2015, hutoka kwenye mmea wa pakanga. Wanasayansi wa Marekani walihariri hamira itengeneze kitangulizi chake, na mwaka 2013 kiwanda nchini Italia kikaanza kuzalisha. Wakulima walitarajiwa kuumia. Badala yake bei ya artemisinini ya shambani ilishuka chini ya gharama ya kiwanda, na kiwanda kikauzwa. Shamba lilishinda raundi hiyo, ingawa kwa mkulima kushinda kwa bei iliyoporomoka si sherehe.

Zao lililo hatarini zaidi ni lile linalouzwa kwa ajili ya molekuli moja. Linalouzwa kwa nyuzi, umbo au wingi lina muda.

18. Ufini husifiwa kila mkutano. Tuige?

Iga uhandisi. Kiwanda cha Äänekoski, kilichoanza 2017, hutengeneza tani milioni 1.3 za rojo la karatasi kwa mwaka, hakitumii mafuta ya kisukuku, na huzalisha umeme zaidi ya mara mbili ya unaohitajika ndani. Tapentaini, mafuta ya msonobari na magome, vyote vina mnunuzi.

Lakini kinameza meta za ujazo milioni 6.5 za miti kila mwaka. Nchi hiyohiyo, iliyotegemea misitu yake kunyonya hewa ukaa, imeona katika miaka ya karibuni takwimu zake za ardhi na misitu zikigeuka kutoka kunyonya kwenda kutoa. Ukataji mwingi na miti kukua polepole kuliko ilivyotarajiwa vimechangia.

19. Miti ikiuzwa nje ikachomwa huko, kaboni inaandikwa kwa nani?

Kwa aliyekata. Kanuni za kimataifa za hesabu ya hewa chafu huandika kaboni ya mti pale msitu unapopungua, katika sekta ya ardhi, ili isihesabiwe mara mbili kwenye bomba la moshi. Mantiki ni safi ndani ya nchi moja. Kuni zilizoshindiliwa zikivuka mpaka, kituo cha umeme cha mnunuzi huandika sufuri, na upungufu hubaki kwenye kitabu cha muuzaji. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wa kuuza kuni za namna hiyo kwa miaka kumi, ofisi inayoandaa taarifa ya taifa ya hewa chafu ikae mezani pamoja na ya biashara, kwa sababu bei iliyokubaliwa kwa tani haina ndani yake gharama ya mstari huo.